Gramu Hamsini

Mlango wenye picha ya swala uko Katuba,
umefunga banda la kuku la Mama Numbi.
Mlango wenye kobe sijauona.
Vitanda, nasikia, vilipakiwa lori la Likasi,
thelathini na viwili, na chandarua kimoja.

Hivyo ndivyo hospitali inavyohama: vipande vipande,
kama familia.

Nami naifuata. Si kwa ajili ya historia.
Natafuta mizani.

Mama yangu, Astrida Kapya, alipima watoto pale
miaka ishirini na sita, dirisha la tatu,
upande wa jakaranda uliokuwa ukimwaga maua
ndani ya beseni la sindano kila Oktoba,
na Sista Godeliva akigomba
kana kwamba mti umefanya makusudi.

Kampuni iliijenga kwa matofali mekundu.
Tusidanganyane: haikuijenga kwa huruma.
Mtoto wa mchimbaji alikuwa mchimbaji
aliyechelewa kukua,
na mwenye mgodi hupenda kujua
ana mikono mingapi njiani.
Kwa hiyo maziwa, Jumanne na Ijumaa.
Kwa hiyo kadi ya manjano: mama asiyefika kliniki,
mumewe alikatwa posho ya unga.

Lakini
(mama aliipenda "lakini" hii,
aliitamka akiwa amesimama)
maziwa yalikuwa maziwa.
Surua ilikuwa surua.
Na mtoto aliyepona hakuuliza
amepona kwa nia ya nani.

Mizani ilikuwa ikipunja.
Gramu hamsini, kila mtoto,
tangu siku ilipotolewa sandukuni.
Mama aliigundua kwa pakiti ya sukari:
kanunua kilo, mizani ikasema mia tisa na hamsini.
Akamlaani mwenye duka, akanunua kwa mwingine,
mizani ikarudia neno lake.
Akaandika barua. Ofisi ikajibu
kwamba chombo kimetoka ng'ambo, hakiwezi kukosea.
Basi akachukua penseli.
Pembeni mwa kila uzito, kwa mwandiko mdogo kama chawa:
+50.
Madaftari kumi na tisa.
Wako akina mama wa watoto njiti
waliorudi nyumbani siku mbili mapema
kwa ajili ya penseli ile.

Masista waliondoka na vita vya kwanza,
wakarudi, wakaondoka tena.
Nchi ikabadili jina. Astrida akawekwa kando,
akabaki Kapya tu.
Mizani haikubadili kitu.

Kisha mshahara ukawa wa mwezi ujao,
ukawa wa mwezi ule mwingine,
ukawa hadithi.
Dohani ya kiwanda ikapoa. Tulikuwa tumeuzoea moshi
hata anga safi ikatutia hofu.
Mlima wa mavi ya shaba ukabaki peke yake,
mweusi, umeshiba.
Siku ya mwisho walikuwepo watoto wanne.
Mama aliwapima wote, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Nimeipata jana, Ruashi, nyuma ya gereji.
Beseni lake bado limebonyea ukingoni
pale mtoto fulani aliporusha teke.
Papa Kaseba ananunua nyaya.
Mbele yangu kijana wa miaka kumi hivi, Mwape,
na kifurushi cha shaba
iliyochunwa ngozi yake nyeusi kwa moto.
Umeitoa wapi?
"Ukutani," akasema, "kwenye ile nyumba nyekundu."

Shaba ikalala pale nilipolala mimi.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
"Kilo moja na mia mbili," akasema Kaseba.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilikuja na leso.
Badala yake nikasikia sauti ya mama,
kavu, ya saa nne asubuhi, foleni ikiwa ndefu,
inatoka kinywani mwangu:
Ongeza hamsini.

Kaseba akainua macho, akaniuliza mimi ni nani.
Mvulana hakungoja jibu.
Alikwisha kunyoosha mkono.